Hodi Tatu za Mwanamvua

Wenye watoto wa mbali, sikieni yaliyompata Mwanamvua wa Vihingo, yasije yakawakuta.

Miezi saba hakuwa amemtia machoni binti yake Tunu, aliyepanga chumba Sofu, kule Kibaha. Kila akimwita, jibu lilikuwa kazi. Siku moja akambana kwenye simu.

"Kazi gani hiyo isiyo na Jumapili?"

"Nalinda seva, mama. Zile kompyuta kubwa za ofisi. Kila moja ina milango yake, ina namba. Nimeweka programu inayopiga hodi kila mlango, kila dakika. Ukiitika, salama. Ukinyamaza mara tatu, simu yangu inalia mpaka niende nikaone kuna nini."

"Hodi tatu kimya, bado inang'ang'ania? Haikufunzwa adabu hiyo!"

Tunu akacheka. Kicheko kile ndicho kilichomtoa mama nyumbani. Kesho yake akafunga mbaazi na mihogo, akapanda gari la Mlandizi, kisha la Kibaha, bila kumwambia mtu. Kwa haraka, simu akaisahau kwenye chaji.

Sofu alifika saa tano. Dirishani akauona mgongo wa Tunu, kainamia kompyuta. Moyo ukamruka.

"Hodi!" Kimya. "Hodi, mwanangu!" Kimya. "Hodi!"

Bertha, mwenye genge la jirani, akadakia: "Mama, sukuma tu! Huyo kaziba masikio na vidude vyake. Kwani wewe mgeni?"

"Hodi tatu zatosha. Mwenye nyumba akinyamaza, hataki mtu."

"Haya, mama adabu! Utalala nayo hiyo adabu."

Akautua mzigo mlangoni, akaondoka. Adabu gani? Ilikuwa kinyongo tu. Alikwenda polepole, makusudi, aitwe. Hakuitwa.

Jioni, nyumbani, akakuta simu kumi na tisa za Tunu. Hajakaa, ikaita tena.

"Shikamoo mama! Nimeukuta mzigo, nimekimbia mpaka stendi na ndala! Seva zilikuwa zimegoma, naongea na ofisi, sikusikia kitu. Kwa nini hukuingia?"

"Marahaba. Nilikuona mgongo."

"Mgongo tu?"

"Mgongo tu. Umekonda."



"Mama, ulivaa nini?"

"Kanga ya zambarau. Ile uliyonipa ulipoanza kazi."

 Mwanamvua alimsikia Tunu anavyovuta kamasi, akaibana simu sikioni, wala hakuikata.