Damu Hufuata Baba

Leonise alishika pindo za sketi yake, akazitandaza, na duara zima likageuka kumtazama. Hata Ansel, mume wangu, aliyekuwa akipeleka sahani ya wali usio na chumvi kwenye meza ya wazee wetu waliokufa, alisimama nayo mkononi kama mtu aliyesahau njia.

Tulikuwa tumemwekea mama mkwe jiwe la kaburi. Kwetu kisiwani Carriacou marehemu hulala miaka bila jiwe mpaka wanawe wapate uwezo, na siku jiwe linapowekwa, ngoma hulia. Kwanza Wakromanti, ndio wakubwa. Kisha Waigbo, Watemne, Wamandinka, Wakongo, kila watu na wimbo wao tangu walipoletwa kutoka Afrika, na asiye wa damu hiyo haingii. Damu hufuata baba. Baba yangu alikuwa fundi mashua wa kijiji cha Windward, nywele nyekundu, ukoo wa Waskoti waliokuja kuunda merikebu wakaoa wajukuu wa watumwa. Ngoma haina wimbo wa Waskoti.

Kitendawili: mgeni wangu haketi kitini, hali mezani, lakini kila akija mimi ndiye ninayekonda. Tega sikio, nitakujibu mwenyewe: wivu.

Leonise alikuwa Mkromanti kama Ansel. Kabla sijatokea mimi, kijiji chao kizima cha L'Esterre kilikwisha kuwaoza kwa midomo. Ansel akaja kuoa Windward, na mawifi hawakuacha kushangaa. Siku ile Verlyn, mdogo wao, alinipakulia ugali na mbaazi akaniuliza, "Wifi, kwenu mnacheza nini? Nyundo?"

"Nyundo na msumeno," nikamjibu. "Njoo siku moja tukuchonge hayo magoti."

Tukacheka sote. Ugali nikausukuma kando.

Basi Tanti Merle, mwimbishaji wetu, akainua mkono ngoma zikapungua. Akauliza mtoto wa Ansel yuko wapi, maana bibi yake kaburini anamngoja. Cosmina wangu alikuwa amenikalia mapajani. Nilihisi kiuno chake kikiinuka, na mkono wangu ukamrudisha chini. Nikasema hajui kucheza, bado mdogo, amechoka na jua. Nilisema mengi.

Leonise alikuja mwenyewe, shingo inang'aa jasho, akainama mpaka nikasikia harufu ya karafuu katika nywele zake. Nilitaka anicheke. Angenicheka ningejua la kufanya.

"Mwachie, dada," alisema polepole. "Hatumli. Tutakurudishia."

Nikamwachia.

Mwanzo mtoto alikosea, akageuka kushoto wenzake wakienda kulia, akacheka mwenyewe. Kisha akayakazia macho magoti ya Leonise, akashika kisketi chake huku na huku, na miguu ikaelewana na ngoma. Ansel alikuwa analia bila kujificha. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Huyo wetu."

Wetu. Nilimbeba mimba, nikamzaa, nikakesha naye alipougua surua, na neno moja likamchukua. Kumwonea wivu Leonise nilikuwa nimeshazoea, kama mtu anavyozoea jino bovu. Kumwonea wivu mwanangu hakuna aliyenionya.

Nyimbo za koo zikapita zote, mpaka zile ambazo hakuna tena aliyebaki kuzichezea, zikapigwa kwa duara tupu. Ndipo Tanti Merle akapiga wimbo wa kisiwani, wa kila mwenye miguu. Cosmina akaja mbio amelowa jasho, akanivuta kidole.

"Mama, huu hawachagui."

Niliingia. Sikutandaza sketi, sikutabasamu. Nilikanyaga ardhi ile kama mtu anayezima moto wa majani kwa nyayo, na vumbi likapanda hadi magotini. Nilipotoka Verlyn alinishika bega, akasema hakujua kwamba watu wa Windward wanaweza kucheza hivyo.

Nikamwambia asante, wifi, nikamwomba maji.