Jani la Mdaima

Nchi ya Mbojini imelala kwenye mteremko mmoja mrefu, na kila kitu katika nchi hiyo, kuanzia maji hadi amri, hutoka juu kwenda chini. Juu kabisa, pale chemchemi pekee ya nchi inapobubujika kutoka mwambani, limejengwa Kasri la ukoo wa Kizibo, jengo jeupe lenye roshani kumi na mbili, zote zikitazama upande mmoja tu, upande wa mti. Mti huo huitwa mdaima. Uliletwa na Kizibo wa Kwanza kutoka mahali ambapo hadi leo waandishi wa Kasri hawajaafikiana ni wapi, ukapandwa hatua tatu kutoka ukutani, na tangu siku hiyo watoto wa Mbojini hufundishwa, kabla hata hawajajua kuhesabu vidole vyao, kwamba maadamu jani la mdaima ni la kijani, kiti cha akina Kizibo hakitikisiki. Basi mti ukatungiwa wimbo, ukatengewa sikukuu, ukapewa waangalizi arobaini na cheo cha juu kuliko mawaziri wote. Na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuonekana anaupenda kwa kiasi, kila Kizibo aliyetawala aliupanua mfereji wa kuunywesha, hadi enzi za Kizibo wa Tatu, ambapo mfereji wa zamani uliokuwa ukipita mjini nyuma ya nyumba za watu ulibaki mchanga mtupu ambamo kuku walioga vumbi.

Kule mjini kila nyumba ilipewa ndoo moja ya maji kwa siku. Kwa ndoo hiyo watu walikunywa, wakapika, wakanawa nyuso, na kilichobaki, hapo ndipo mgeni angeshika kichwa, walimwagilia bustani. Maana watu wa Mbojini hawawezi kuishi bila kuotesha kitu. Wanaotesha kwenye madebe, kwenye masufuria yaliyotoboka, kwenye kiatu cha buti kilichopoteza mwenzake; wanaotesha mchicha, pilipili, bamia, mchaichai, na wakishaotesha hawana raha mpaka waulizane. Kila alasiri ya siku ya soko hukusanyika ubavuni mwa mashine ya kusaga, kwenye benchi refu lililojaa vumbi la unga, kila mmoja na jani lake lililougua.

Benchi hilo lina desturi ambayo haijulikani aliyeianzisha. Mwenye jani huanza kwa kusema yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ameufanyia nini mmea wake, bila kuficha hata la aibu. Anayejibu naye haruhusiwi kushauri. Anasimulia tu kilichompata, akianza na maneno "Kwangu mie", na mtu yeyote anayeanza na "Unatakiwa" hupigiwa miluzi mpaka aketi. Kwa hiyo utamsikia mtu akisema, kwangu mie vidukari viliondoka nilipovipulizia maji ya sabuni, ila na mpilipili nao ukaondoka. Na watu watacheka mpaka unga umwagike kutoka vichwani mwao, kisha watauliza, sabuni kiasi gani?

Kwenye benchi hilo hapakuwa na mwulizaji kama Bi Staajabu, mfuma mikeka, mwanamke wa makamo mwenye jina lililomkaa sawasawa. Ndiye aliyewahi kusimamisha kikao kizima kwa kuuliza kwa nini mharage hupanda kijiti ukizungukia upande uleule, hata ukiurudisha kwa mkono. Siku hizo, lakini, swali lake lilikuwa moja tu, na lilimnyima usingizi. Alikuwa na miche mitatu ya nyanya chungu, zile ndogo zenye michirizi, mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake na ambayo hakuna mwingine Mbojini aliyekuwa nayo. Akiba yake ya mbegu ilikuwa imeliwa na panya. Matunda ya miche hiyo yasipofika kuiva na kuwa mekundu, mbegu ya mama yake ingekwisha duniani, na robo kikombe ya maji kwa siku haikuwa ikitosha.

Alasiri moja alikuja mtu mgeni akakaa mwisho wa benchi. Alikuwa Bwana Sifuni, Mwangalizi Mkuu wa Mdaima, amejivika kanzu kuukuu ya mtumishi wake ili asijulikane. Kucha zake hazikuwa na hata chembe ya udongo. Alifungua kitambaa cha hariri, akatoa jani pana la manjano, akaliweka magotini kwa adabu.

"Nina kamti kangu nyumbani," alisema. "Kanaumwa."

"Pole sana, bwana," alisema Bi Staajabu. "Umekafanyia nini, kwa mkono wako?"

"Nimekapa kila kitu."

"Kila kitu ndiyo kiasi gani?"

Bwana Sifuni alikuwa na miaka mingi hajaulizwa swali na mtu akakaa kimya kusubiri jibu. Pengine ndiyo sababu maneno yalimtoka yote. Alitaja mfereji mzima wa maji, mchana kutwa na usiku kucha. Akataja samadi ya mbuzi mia mbili. Akataja maziwa, siku za sikukuu. Alipofika kwenye maziwa benchi zima lilikuwa limeshajua ni kamti gani hako, na ni mfereji gani huo. Mwenye mashine alizima mashine.

Feruzi, mpishi mstaafu ambaye pilipili zake zilisifika mji mzima, alimwinamia Bi Staajabu sikioni. "Mwambie aongeze maji," alinong'ona. "Aongeze tu, dada yangu. Mwezi haufiki mti umeoza, na sisi tumepona."

Bi Staajabu alikuwa ameshalichukua jani. Aliona njano imeanzia kwenye kikonyo, aliona kingo zake ni laini, hazikukauka, akanusa kikonyo akakutana na harufu ya tope lililolala. Alijua kilichokuwa kikiuua mti ule kama alivyojua njia ya jikoni kwake. Akaona pia jinsi uongo mmoja mdogo ungewafaa watu wote waliokuwa pale. Lakini kwenye benchi lile hakukuwahi kusemwa uongo, na alijiuliza, nikiusema leo, kesho nani ataamini nikisema habari ya vidukari? Tena, na hili alilionea haya, alitaka mno kujua kama mti mkubwa kiasi kile unaweza kupona.

"Kwangu mie," alianza, na Feruzi akafumba macho, "nilikuwa na mlimau kwenye debe. Niliupenda mpaka ikawa kila nikiupita naumwagilia. Ukatoa jani kama hili. Nikadhani una kiu, nikazidisha. Siku nilipoung'oa, mizizi ilitoka mkononi imeoza, nikabaki na tope. Wa pili ulipoanza hivyohivyo, nilitoboa debe chini, maji yakatoka, nikauacha mkavu wiki sita. Huo ninao hadi leo."

Bwana Sifuni alilifunga jani lake akapanda mlima. Kizibo wa Tatu alipoletewa habari alicheka mpaka akakohoa. "Wenye kiu wanatwambia tuache kumwagilia!" alisema. "Ulitaka waseme nini kingine?" Akakata shauri kwamba kama maadui wa mti wanataka upunguziwe, basi dawa yake ni kuongezewa, akaamuru ndoo za watu nazo zisimamishwe, maji yote yaende shinani. Bwana Sifuni, ambaye njiani alikuwa amekaribia kuamini, alikumbuka kwamba kazi yake ilikuwa kumwagilia, na kwamba asiyemwagilia hahitaji waangalizi arobaini. Alinyamaza.

Tangu siku hiyo watu wa mji walikuwa wakitembea nusu siku hadi kijito cha ng'ambo ya bonde, nje ya mpaka, na kurudi nusu siku nyingine na madumu kichwani. Bi Staajabu akawa hana wa kutembea naye. Njiani watu walimpita bila salamu, na kwenye benchi waliacha nafasi kubwa kila upande wake.

"Ukweli wako ule, dada," Feruzi alimwambia mbele za watu, "ndio tunaokunywa leo."

Bi Staajabu aliinuka benchini. Alirudi nyumbani akalia kwa uchungu, mbele ya miche yake mitatu, ambayo ilikuwa imeanza kuangusha maua.

Hata hivyo benchi halikufungwa, kwa kuwa watu wale wangeacha kula kabla ya kuacha kuulizana. Maswali tu ndiyo yaliyobadilika. Sasa waliulizana mmea unawezaje kuishi bila maji, na majibu yalikuja yasiyotazamiwa: kwangu mie nilifunika shina kwa majani makavu, udongo ukakaa na unyevu siku tatu, kwangu mie maji ya kuoshea mchele, mmea uliyapenda kuliko ya mfereji, kwangu mie nilipunguza matawi nikalia, lakini uliobaki umesimama. Bi Staajabu alisikiliza yote, akayajaribu yote. Na asubuhi moja alimkuta Feruzi mlangoni ameshika kopo.

"Ya kuchemshia maharage," alisema bila kumtazama usoni. "Yamepoa. Hayana chumvi, nimeonja."

Tunda la kwanza la nyanya chungu lilibaki kwenye mche. Baadaye la pili.

Kule juu mambo yalikuwa mengine. Mdaima uliangusha majani mchana kutwa. Waangalizi arobaini, kwa amri ya Bwana Sifuni, waliamka alfajiri wakapanda ngazi na kuyapaka rangi ya kijani yaliyosalia, ili ikipambazuka ukoo wa Kizibo uendelee kutawala. Uwanja wa Kasri ukawa kinamasi. Vyura wakaingia ukumbini, wakakatiza hotuba. Kisha shina, ambalo lilikuwa limesimama wima kwa enzi tatu, likaanza kuinamia roshani ya Mtukufu Kizibo, kidogo kidogo, na kila asubuhi mtu wa kwanza kuupima mwinamo huo kwa jicho alikuwa Mtukufu mwenyewe.

Siku ya soko iliyofuata aliteremka. Kizibo wa Tatu, na Bwana Sifuni, na askari sita, walikuja hadi kwenye mashine ya kusaga, na Mtukufu akakaa kwenye unga kama mtu mwingine yeyote. Jani alilokuwa amelishika lilimwachia kijani kiganjani.

Askari mmoja alikohoa ili watu wasimame. Hakuna aliyesimama, si kwa ujeuri. Kwenye benchi lile hawakuwa wamezoea.

"Karibu, Mtukufu," alisema Bi Staajabu. Desturi ni desturi. "Umeufanyia nini, kwa mkono wako?"

"Niliamuru..."

"Kwa mkono wako."

Kizibo alikitazama kiganja chake chenye rangi. "Sijawahi kuugusa," alisema.

"Basi bado huna swali," alisema Feruzi.

Askari walishika marungu. Bwana Sifuni alitazama chini. Bi Staajabu alikuwa na hasira ya miezi na miezi, na angeweza kumwacha mtu yule hapo hapo na jani lake lililopakwa rangi. Lakini hasira yake haikuwahi kuushinda udadisi wake. Alisimama, akajipangusa unga.

"Twende ukaushike," alisema. "Ukishaushika ndipo utajua unauliza nini."

Walipanda wote. Uwanjani tope lilifika vifundoni. Bi Staajabu aliuzunguka mti mara mbili, akabonyeza udongo kwa kisigino, kisha akaonyesha upande wa mteremko, pale mfereji wa zamani wa mjini ulipokuwa umezibwa kwa mawe. Bwana Sifuni aliagiza jembe. Bi Staajabu akatikisa kichwa, kwa kuwa jembe lingekata mizizi michache iliyobaki hai, na Kizibo wa Tatu, mbele ya askari wake, akapiga magoti topeni akaanza kuchimba kwa vidole.

Kwanza yalitoka maji meusi yenye harufu mbaya. Alipong'oa mawe yalitoka mengi zaidi, yakatafuta njia yake ya zamani, yakaipata, na yakaanza kuteremka kuelekea mjini. Mti ukalia. Shina lilisogea, upana wa kidole hivi, kuelekea roshani.

Kizibo alisimamisha mikono. Mara tope likaanza kurudi shimoni, na maji yakapungua.

"Nikiendelea kuchimba," alisema kwa sauti ya chini, "utapona, au utaniangukia nyumba?"

"Sijui," alijibu Bi Staajabu, na ilimuuma kutokujua. "Kwangu mie ulikuwa mlimau, Mtukufu. Tena kwenye debe."

Bwana Sifuni alipima roshani kwa macho, akarudi nyuma hatua tatu. Askari walirudi tano. Kizibo aligeuka kutafuta mtu wa kumwamuru, akakuta waliokuwa karibu naye ni mwanamke mfuma mikeka na mpishi mstaafu tu, ambao hawakuwa wakimfanyia lolote zaidi ya kumtazama, kama wanavyotazama watu wa benchi mtu mwenye mmea mgonjwa. Akaingiza tena mikono topeni, hadi viwikoni. Maji yakaongezeka.

Hakuna mtu Mbojini aliyetamani kubaki pale kuona mwisho wake kuliko Bi Staajabu. Lakini alitazama chini akaona maji yameshaipita mashine ya kusaga na yanakimbilia nyuma ya nyumba, na akakumbuka kwamba mmea uliokaa na kiu muda mrefu ukishtukizwa na maji mengi, matunda hupasuka kabla mbegu hazijakomaa. Matunda yake mawili yalikuwa yameanza wekundu jana. Ilimpasa awepo, azibe njia ya maji kwa udongo, ayafungulie maji kidogo kidogo kwa kiganja. Alijifunga kanga kiunoni akaanza kukimbia kuteremka, sambamba na maji. Nyuma yake kitu kikubwa kilipasuka, mzizi au ukuta, na Feruzi akapiga kelele kumwita arudi aone. Bi Staajabu hakugeuka.