Wa Kula Naye Karatu

Kisioki hakuwahi kumkimbia simba, lakini sahani ya ugali ilimtoa mbio Karatu. Ndiyo, cheka tu. Wenzake nao walicheka mpaka wakakaa chini. Wazee wa boma lao kule Ngorongoro walimchagua yeye, kwa kuwa alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, ateremke mjini akafundishwe kuchoma ng'ombe sindano. Ugonjwa wa chambavu ulikuwa unamaliza ndama. Akaenda, na siku ya tatu akarudi kwa miguu, macho yametumbukia ndani, tumbo limeshikana na mgongo. Morani hali peke yake. Lazima awepo mwenzake wa rika, mtu aliyetahiriwa kipindi kimoja naye, wale pamoja. Na Karatu nzima hakumwona hata mmoja.

Basi Jumamosi moja ya mwaka wa sitini na nne, rafiki zake wawili wakaamua kumrudisha wenyewe.

"Tunakwenda kutembea," alisema Saning'o, mtu ambaye hata msibani angeona pa kuchekea. "Tutakula kila kinacholiwa mjini, tutaona wanavyocheza, na kesho tukiondoka tutakuwa tumekuachia mtu wa kula naye."

Sakaya hakucheka. Huyu ndiye aliyekuwa mshika mila wao. Akisema hapana, ni hapana. "Tusipompata unarudi nasi," alisema, "na ndama waendelee kufa."

Kisioki alikuwa anaitaka kazi ile kuliko alivyothubutu kusema. Siku mbili tu alizoshika sindano, alikuwa amejiona mtu.

Waliteremka alfajiri, wakapata lori la kahawa kutoka Oldeani, na saa nne walikuwa Karatu, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Wakaanzia hoteli ya mzee Zaidi, nyumba ya bati yenye mabenchi manne. Mhudumu alikuwa kijana anaitwa Hasani, mwembamba, mchangamfu, mikono miwili inabeba vikombe sita.

"Karibuni, karibuni! Mnataka nini?"

"Kila kitu," akajibu Saning'o.

Wakaletewa maandazi. Wakaletewa chapati, ambayo Sakaya aliigeuza mara mbili akiitafuta ilipofungwa. Chai ya maziwa ilikuwa na sukari nyingi hata Saning'o akafumba macho, akasema ng'ombe wa huyu mzee lazima wanalishwa asali. Nyama ya kuchoma waliila uani, mbali na macho ya wanawake, kama morani wanavyotakiwa. Kisioki alikula kwa raha, bega kwa bega na wenzake. Raha hiyo ndiyo iliyomtia uchungu, kwa sababu alijua ina mwisho.

Wakaanza kutafuta. Sasa, kuna mambo watu huulizana faraghani, tena kwa kuzungukazunguka. Saning'o Kiswahili chake kilikuwa kifupi, wala hakikujua kuzunguka. Alimkuta Msafiri, fundi cherehani, barazani akimpima mteja suruali.

"Wewe ulitahiriwa mwaka gani?"

"Hee! Makubwa haya! Hata salamu hakuna?" Msafiri futi ikamwanguka. Mteja alicheka akashika nguzo.

"Hana nia mbaya, kaka," Kisioki akadakia, uso umemwiva kwa aibu. "Tunatafuta wa rika letu."

"Mimi nilikuwa na siku saba."

"Siku saba baada ya nini?" akauliza Saning'o.

"Baada ya kuzaliwa, bwana!"

Saning'o akahesabu kwa vidole. Fundi alikuwa na miaka kama thelathini. Tohara yake basi ilikuwa ya zamani, ya kina baba. Papo hapo akakunja uso wa adabu na kumwinamishia kichwa, maana ndivyo kijana anavyomsalimu mzee. Msafiri akampapasa utosini kwa mkono wenye chaki, akasema, "Haya, baba, ukue."

Waliuliza sokoni, waliuliza kwa fundi viatu, waliuliza waliokuja na mahindi kutoka Qurus. Mmoja alikuwa mkubwa mno, mwingine mdogo mno, mwingine aliwafukuza. Hasani naye waliposimama mlangoni kwake aliwahi kusema, "Mimi nilikuwa mtoto, sikumbuki," akaingia jikoni kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Jua lilipozama wakavutwa na gramafoni. Nyuma ya duka moja palikuwa na ukumbi wa mbao, na watu wanacheza dansi wawili wawili.

"Yule mama anaumwa?" Sakaya akanong'ona. "Mbona anashikwa hivyo?"

"Anacheza."

"Ah. Nilidhani anapelekwa zahanati."

Saning'o hakuvumilia. Aliingia katikati akaanza kuruka, juu, chini, juu, na kila akitua sakafu inapiga mlio na sindano inaruka kwenye santuri. Watu wakapiga makofi. Kisioki naye akaingia, hata Sakaya akaingia, wakaruka watatu mpaka mwenye gramafoni akawaomba kwa jina la Mungu wamhurumie. Kisioki aliruka huku anacheka, akasahau kila kitu kwa muda wote ule.

Waliporudi kwa mzee Zaidi, pilau ilikuwa tayari na mabenchi yamejaa. Sakaya hakuigusa kwanza.

"Tumeuliza mji mzima," alisema. "Kesho tunarudi wote."

Kisioki aliitazama sahani. Alitaka kubisha, lakini angebisha nini? Njaa ya siku tatu aliijua. "Sawa," alisema. "Ila ndama wale nawaonea huruma. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujua."

Hasani alikuwa amesimama karibu, birika mkononi. Akaliweka chini.

"Nyinyi mlitahiriwa lini?"

"Mwaka tuliotolewa Serengeti," akasema Kisioki.

"Hamsini na tisa," akasema Hasani polepole. "Hata mimi."

"We Hasani!" Msafiri akapaza sauti kutoka benchi la pili. "Si ulituambia uliingia jando una miaka sita?"

"Niliwadanganya." Masikio yalimwiva. "Baba alikuwa kibarua shamba la kahawa Oldeani, akafa, na hapakuwa na mtu wa kunirudisha kwetu Kondoa. Mjomba alipokuja kunichukua nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimeshaota ndevu, jamani. Nikakaa jandoni na vitoto, mimi katikati kama mlingoti."

Hoteli ilipasuka kwa kicheko. Msafiri alipiga meza, mzee Zaidi alifuta machozi kwa kanzu. Hasani alisimama palepale akachekwa. Sakaya peke yake hakucheka.

"Ulilia?"

"Vitoto vililia. Mimi nilikuwa naviimbia."

Sakaya aliivuta sahani ya pilau mpaka katikati ya meza.

"Kisu ni kisu," Sakaya akasema mwisho. Akasogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi iliyobaki. "Kaa, ule."

Asubuhi wakaagana barabarani. Saning'o alibeba chapati tano za njiani, na alipopita kwa Msafiri akamwinamishia kichwa tena.

Jumatatu ikafika. Saa saba mchana Kisioki alitoka kwenye mafunzo, akaketi kwa mzee Zaidi, ugali na maziwa mbele yake. Hoteli ilijaa wateja wa lori. Huyu anataka chai, yule anaita, mwingine anagonga kikombe. Hasani anapita mbio, hata hatazami upande wake. Ugali ukaanza kupoa. Kisioki aliweka mikono magotini. Juzi ni juzi, alijiambia. Mtu ana kazi yake, na utani wa Jumamosi si deni. Roho ilimuuma hata hivyo.

Mara Hasani akaweka vikombe vyote sita mezani pa watu wasioviagiza, akaja, akanawa, akaketi.

"Hasani!" mzee Zaidi akafoka. "Wateja!"

"Wanisubiri kidogo, mzee," alisema Hasani, akimega tonge. "Rika langu halijala."

Kisioki naye akamega.