Samaki Kwenye Kidonda

Kifua cha Adaílton kilikuwa na alama za magamba, safu juu ya safu, za rangi ya kijivu, kuanzia shingoni hadi kitovuni na mkono wote wa kulia. Dona Zuleide alisimama mlangoni mwa wodi, mkoba ameukumbatia, akimtazama mwanawe kana kwamba ni kiumbe kilichovuliwa bwawani.

"Karibu, mama," Adaílton alisema. "Ila kama umekuja na ndimu, ziache nje. Wakinikamulia tu, nimekuwa kitoweo."

Mama hakucheka. "Nani kakuweka samaki kwenye kidonda?"

"Madaktari. Tangu jiko la gesi linilipukie kule mgahawani, kila asubuhi walikuwa wananibandua bandeji. Nalia mpaka naona aibu. Hii ngozi ya sato haibanduliwi ovyo. Inakaa hadi yangu iote chini yake."

"Ni safi, mama," muuguzi Lucineide aliongeza. "Imeoshwa, imeuliwa vijidudu. Haina hata shombo. Nusa mwenyewe."

Dona Zuleide hakunusa. Huku Ceará, kaskazini-mashariki mwa Brazili, hata mtoto anajua kwamba mwenye kidonda hali nguruwe, hali kaa, wala hagusi samaki. Vyakula hivyo huchochea kidonda. Valdenor, mumewe, alijikata mguu kwa shoka. Siku alipotamani samaki, Zuleide alimsongea unga wa muhogo kwa mchuzi wa kambare. Alikula, akalamba vidole. Wiki haikwisha, mguu ukaoza, wakamzika. Hakuna aliyemlaumu mjane. Alijilaumu mwenyewe, na lawama hiyo aliitunza kuliko pete ya ndoa.

Muuguzi alipotoka, Dona Zuleide alisogea kitandani, akainama, akapenyeza ukucha chini ya ukingo wa ngozi ile, penye mbavu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nyamaza. Baba yako..."

"Ya baba nayajua." Adaílton alimdaka kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, ule usioungua. "Jana nimelala usiku kucha, mama, mara ya kwanza tangu niungue. Unanisikia? Nimelala! Ukiivuta hiyo, unaondoka na nyama yangu."

Ukucha ulibaki pale pale. Ikiwa samaki huyu angemponya mwanawe, basi yule wa Valdenor hakuwa na hatia. Nini basi kilimuua? Au ni yale majani ya dawa aliyokuwa akimbandika mguuni, siku baada ya siku, huku lori la kwenda mjini, kwenye hospitali, likipita mlangoni? Na ikiwa samaki ana hatia, basi alikuwa amesimama hapa akimtazama wa pili akienda kaburini.

"Mama, tafadhali." Safari hii hapakuwa na mzaha.

Aliuchomoa ukucha. Ukingo ulikuwa umeinuka kidogo; akaulaza kwa kiganja, polepole, huku Adaílton akiuma meno. Chini yake palikuwa pa moto. Hakujua kama ni joto la kupona au la kuoza. Aliuacha mkono pale pale, akasubiri.