Upande wa Kushoto wa Faili la Daraja

Mwandishi wa kitabu cha historia alitoka masjala mbio, viatu mkononi, moyo ukimdunda kwa furaha. Mchapaji alikuwa akisubiri sura ya tisa kabla ya saa sita mchana, na sura ya tisa, jamani, ilikuwa uongo mtupu!

Ilimhusu waziri mkuu wa zamani, ambaye nchi nzima ilimwita Bwana Funga. Wiki tatu kabla ya uchaguzi alifunga daraja kubwa akidai ni bovu, wakati wizara yake yenyewe iliandika barua kwamba ni zima. Alibwagwa vibaya, akafa akizomewa. Watafiti wote waliisoma barua hiyo, upande wa kulia wa faili. Upande wa kushoto, wakubwa wanakoandikiana madokezo, hakuna aliyejisumbua kuufunua, na bado wanajiita wasomi! Leo yeye aliufunua.

Alimkuta baba yake sebuleni akikata kucha. Mzee huyu ndiye dereva wa basi aliyeongoza mgomo dhidi ya Bwana Funga, na mpaka leo watu humsimamisha njiani wampe mkono. Binti aliona ni haki asikie wa kwanza.

"Baba, nguzo ya tatu ilikuwa imepasuka! Mhandisi wa wizara kakiri hapa, ile barua walimlazimisha aandike. Mawaziri waliogopa kukosa kura."

"Acha maneno yako."

"Si yangu. Msikilize Bwana Funga, kwa mkono wake: 'Yule dereva anayenitukana kila asubuhi hupita pale na abiria sitini. Funga leo. Kura tutaziona baadaye.'"

Mzee aliichukua nakala, akaisoma, akairudia.

"Alinijua," alisema.

Furaha ya binti ikaingia hofu. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alifikiria watu wa njiani. "Nikiichapa watakucheka, baba. Naweza kuandika 'dereva mmoja', yakaisha."

"Nimemtukana mtu huyu mpaka kaburini, nawe unataka kunificha?" Mzee alisimama, machozi yakimlengalenga, akamsukumia simu. "Mpigie mchapaji, akusubiri. Halafu usiniletee mambo ya dereva mmoja. Andika: baba yangu."