Wapangaji Thelathini na Mmoja

Shati la saba lilikuwa mezani, pasi ya mkaa inafuka, Kalamu alipoingia bila kungoja kukaribishwa. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyewajazia watu fomu.

"Shikamoo bibi. Leo mahakamani sema 'ni kweli' tu. Faini tutalipa sisi, jioni uko nyumbani."

"Marahaba. Na nikisema si kweli?"

"Jela miezi sita. Kwa umri huo, bibi yangu, utaiweza?"

Mfua nguo alinyunyizia ukosi maji, akaukandamiza pasi. "Uliniambia dole lile nililoweka kwenye karatasi yako ni la kuombea bomba la maji."

"Maji yatakuja," alisema Kalamu, akaenda zake.

Saa tatu bibi alikuwa kizimbani, mke wa mwanawe ameshika tama nyuma. Karani akasoma: mshitakiwa, mwenye nyumba, alithibitisha kwa dole gumba kuwa wapangaji thelathini na mmoja wanaishi kwake, wakaandikishwa kupiga kura, hali akijua ni uongo. Adhabu ni faini au jela, na jina lake kufutwa daftarini.

"Ni kweli au si kweli?" aliuliza hakimu.

"Wasomwe kwanza, mheshimiwa."

"Nani?"

"Hao wapangaji. Miaka yote hii nafua nguo za watu, sijapokea furushi lililofungwa. Linafunguliwa, tunahesabu moja moja, mwenyewe anaona."

Hakimu alitazama saa, akamwashiria karani. Majina yakasomwa. Lilipofika la kumi na mbili, bibi aliinua mkono.

"Huyo mume wangu. Tumemzika, mwaka wa nne huu. Kama amerudi kupanga kwangu, mwambieni paa linavuja."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alishika ukingo wa kizimba kwa viganja vilivyochunwa na sabuni.

"Si kweli, mheshimiwa. Chumba kimoja, kitanda kimoja. Na aliyeniletea karatasi yule pale, benchi la tatu. Hata hilo shati nimelifua mimi."

"Anayeshitakiwa ni wewe, siyo shati."

Kesi ikaahirishwa siku kumi na nne. Dhamana ilitaka watumishi wawili wa serikali. Yeye hakuwa na hata mmoja. Kalamu alitoka kwa mlango wa mbele, akimpa mkono askari wa zamu.

"Mama, si ungekubali tu yaishe?" mkwewe alilia.

"Yangeishia kwangu, mwanangu. Baba yenu angeendelea kupiga kura."

Kwenye meza ya mahabusu, askari alimsogezea kitabu na kidau cha wino.

"Weka dole hapa, bibi."

"Nisomee."

"Foleni ndefu, bibi, unaiona."

"Si mmenipa siku kumi na nne? Haraka ya nini? Soma, mwanangu, polepole nisikie."

Askari aliguna. Akakivuta kitabu kwake, akaanza mstari wa kwanza.