Upande wa Dereva

Cheruiyot si mtu wa kukaa kitako, na Ijumaa ile ndiyo kabisa hakutulia. Kesho yake bintiye Chepkoech alikuwa anaolewa, na gari la kumpeleka kanisani, Peugeot 504 nyeupe aliyoifufua mwenyewe kwa jasho na matusi, lilikuwa na aibu ubavuni. Mwezi uliopita alikwenda nalo madukani Cabramatta kununua vitambaa vya harusi, akaukwaruza mlango wa dereva kwenye nguzo ya maegesho. Rangi aliirudishia. Ila ule ukanda wa nikeli unaopita ubavuni ulikuwa umepinda kama mkia wa mbwa.

Basi akawa anazunguka uani kwake Toongabbie, kitongoji cha Sydney, Australia, anaingia gereji, anatoka, anachungulia barabarani, anarudi tena.

"Mkwe, utachimba kisima hapo," alisema Juvénal bila kuinua kichwa.

Juvénal ndiye baba wa bwana harusi. Ni Mrundi aliyekaa kambi ya wakimbizi Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa Sydney. Huko kambini alinyoosha bodi za magari. Hapa anahudumia wazee, lakini mikono haijasahau.

Na neno hilo, kambi, ndilo lililomkosesha Cheruiyot usingizi. Siku ya familia kutambulishana, ulimi ulimponyoka mbele ya wageni: "Mimi sikumsomesha mwanangu unesi aje aolewe na watu wa kambi." Jamani! Chai ilipoa vikombeni. Juvénal alirudisha kikombe mezani, mwanawe Rénovat, bwana harusi, akainamisha kichwa, Chepkoech akatoka nje. Aliporudi alimwambia babake jambo moja tu: neno hilo likimtoka tena, ataingia kanisani peke yake, na baba atakaa benchi la nyuma na wageni wengine. Na Chepkoech hatishii mtu bure; ukaidi huo hakuuokota njiani. Cheruiyot alimlea peke yake tangu mamake alipofariki. Kumshika mkono mpaka madhabahuni ndicho kitu pekee alichokuwa amejiombea.

Kuomba radhi hakujui, kwa hiyo aliomba msaada. Ukanda wa 504 ulikuwa umepatikana kwa muuzaji mmoja Ubelgiji asiyejua ila Kifaransa. "Baba Rénovat, mpigie simu wewe. Mwambie wa mlango wa mbele, upande wa dereva." Juvénal akapiga, akasema vilevile alivyoambiwa, neno kwa neno. Mzigo ukachelewa, ukachelewa, ukafika asubuhi ile ya Ijumaa.

Sasa Juvénal alikuwa ameshaubandua ukanda mbovu kwa kipande cha mbao ili asichune rangi. Alisafisha matundu, akachomeka klipu mpya moja moja, akavuta uzi kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma ili mstari usiende mrama. Akaufungua ukanda mpya, akaupachika juu ya mlango. Ukagoma. Ncha yake iliyokatwa mshazari ilitazama nyuma badala ya mbele. Akaugeuza, sasa ncha ikakaa sawa, lakini uso wake unaong'aa ndio ukageukia mlangoni.

Akachuchumaa, akafikiri.

"Mkwe, kule Ubelgiji dereva anakaa wapi?"

"Kwenye usukani! Wewe ulitaka akae kwenye buti?"

"Bon. Na usukani wa kule uko wapi?"

Cheruiyot akautazama usukani wa 504 yake, upande wa kulia. Usukani wa kule uko kushoto. Upande wa dereva wa Ubelgiji ni upande wa abiria wa Toongabbie, na harusi ni kesho saa nne.

Damu ikampanda kichwani. Alijua kosa ni lake, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. "Lakini si ungeuliza? Si wewe unayejua mambo ya huko? Mtu mzima unasema tu kama kasuku! Ndiyo maana mimi nilisema, nyinyi watu wa ka—"

Akaubana ulimi kwa meno. Amechelewa. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na Chepkoech alikuwa amesimama pale, nywele nusu zimesukwa.

"Dad," alisema, "watu wa nini?"

Treni ilipita kule nyuma ya nyumba. Miguu ya Cheruiyot isiyotulia ilikuwa imeganda kwenye saruji, na moyoni alijiona tayari amekaa benchi la nyuma.

"Watu wa kazi," alisema Juvénal. Alikuwa anajifuta mikono na kitambaa, taratibu. "Baba yako anasema sisi ni watu wa kazi, huu ukanda hautatushinda. Nenda umalizie nywele, mwanangu."

Chepkoech alimtazama Juvénal, akamtazama babake kwa muda mrefu zaidi. Kisha akafunga dirisha.

Cheruiyot alisikia haya mpaka masikioni. "Baba Rénovat," alisema, na sauti ilikuwa ya chini, "umenisitiri."

"Nimemsitiri bibi harusi. Wewe umepitia mlemle," alijibu Juvénal. "Lete huo ukanda. Kanisani bibi harusi anashukia mlango gani?"

"Wa kushoto, kwenye ngazi."

"Voilà. Ule wa kushoto umefifia. Tutautoa, tuweke huu mpya, picha zote zitatoka na upande huo. Kisha huu uliopinda nitaugonga polepole, jioni utakuwa umenyooka."

Waliubandika pamoja, Juvénal akibonyeza klipu, Cheruiyot akiushikilia mwisho wake. Uliingia wote kwa mlio mmoja mmoja, ukalala sawa na uzi. Juvénal akachukua nyundo yake ya mpira, akainama kuuokota ule uliopinda.

"Uache," alisema Cheruiyot.

"Utaonekana vibaya, mkwe."

"Nani atauona? Huko nakaa mimi, na aibu ni yangu." Akauchukua mkononi mwake, akauchomeka mwenyewe kwenye mlango wa dereva, na mkunjo wake vilevile ulivyokuwa.